Nani mwenye The Guess Who? Kisa cha bendi ya Winnipeg na jina lake

Mwaka 2024 kuna bendi iliyokuwa ikizunguka Marekani ikiwa na cheti halali cha jina lake, wanamuziki wenye uzoefu na ratiba ndefu ya maonesho, lakini ikaanza kufuta shoo. Hakuna hakimu aliyekuwa ameizuia kupanda jukwaani. Kilichotokea ni kwamba mtunzi wa nyimbo ilizokuwa ikizipiga aliziondoa kwenye leseni za jumla ambazo kumbi hulipia ili nyimbo zipigwe humo, na kumbi zikaogopa. Bendi hiyo iliitwa The Guess Who. Mtunzi ni Burton Cummings, ambaye kwa mamilioni ya wasikilizaji ndiye sauti ya The Guess Who.

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa wazee wasiosameheana. Uchungu ulikuwepo, lakini hautoshi kueleza mambo. Bendi ina mali za aina nne: jina, tungo, rekodi zenyewe, na sura za watu wake. Kwa The Guess Who, kila mali iliangukia mkononi mwa mtu tofauti kwa sababu tofauti, na kwa karibu miaka hamsini hakuna aliyeziweka mezani pamoja.

Jina la ujanja

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Winnipeg, katika jimbo la Manitoba, ilikuwa na bendi nyingi za vijana zilizopiga kwenye kumbi za mitaa na madansi ya shule. Mojawapo ilikuwa Chad Allan and the Reflections: Chad Allan akiimba, Randy Bachman kwenye gitaa, Jim Kale kwenye besi, Garry Peterson kwenye drams na Bob Ashley kwenye kinanda. Bendi ya Marekani yenye jina la Reflections ilipopata kibao kikubwa mwaka 1964, hawa wa Winnipeg wakajiita Expressions. Jina lilikuwa limeshawasumbua kabla hawajawa na chochote cha kugombania.

Walirekodi "Shakin' All Over", wimbo uliokuwa umeshavuma Uingereza, usiku, kwenye studio ya kituo cha televisheni cha mjini kwao. Kampuni ya Quality Records ilijua tatizo la vituo vya redio vya Kanada: santuri ya vijana wa nyumbani ilitupwa kando bila kusikilizwa, ilhali ya Waingereza ilichezwa mara moja. Mwaka 1965 Quality ikawapelekea watangazaji santuri isiyo na jina la bendi, ila maneno "Guess Who?", yaani bashiri ni nani. Watangazaji wakabashiri kwamba ni Waingereza fulani maarufu waliojificha. Wimbo ukafika namba 1 Kanada na namba 22 Marekani.

Ukweli ulipojulikana, redio zilikuwa zimezoea kutaja Guess Who, na jina likaganda. Tusisahau basi kwamba jina hili halikubuniwa na mwanabendi yeyote. Lilibuniwa na kampuni ya kurekodi kama mbinu ya mauzo. Na siku lilipozaliwa, Cummings hakuwemo. Yeye aliingia mapema mwaka 1966 akiwa na miaka 18, akitokea bendi ya The Deverons, kuchukua nafasi ya Ashley kwenye kinanda. Miezi michache baadaye Allan naye akaondoka na Cummings akabaki mwimbaji mkuu. Wanaomwona Kale, mpiga besi aliyekuja kulisajili jina hili baadaye, kama mdandiaji wa jina la watu wangeanza na tarehe hizi: yeye na Peterson walikuwemo, Cummings hakuwemo.

Kutoka kwenye deni

Mwaka 1967 waliruka kwenda London wakitarajia ziara na mkataba. Walipofika na kuusoma ule mkataba, waliukataa, na ziara ikafa. Wakarudi Winnipeg na deni la maelfu ya dola bila kibao cha kulilipia.

Walichopata nyumbani kilikuwa bora kuliko London: kazi ya kila wiki kwenye kipindi cha televisheni cha CBC, shirika la utangazaji la taifa la Kanada, kiitwacho "Let's Go", kilichoendeshwa na yuleyule Chad Allan. Kila wiki walipaswa kujifunza vibao vinavyovuma, kuvipanga na kuvipiga kama vilivyorekodiwa. Kwa bendi changa hiyo ni shule isiyonunulika. Unajifunza kwa nini kiitikio kinaingia pale kinapoingia, sauti za pembeni zinapangwaje, wimbo wa dakika tatu unajengwaje. Wakahimizwa pia kuingiza tungo zao, na hapo Bachman na Cummings wakaanza kukutana kutunga, kila mmoja akija na vipande visivyokamilika na kuviunganisha na vya mwenzake.

Jack Richardson alikuwa prodyuza aliyeshughulikia matangazo ya Coca-Cola kwenye wakala wa matangazo mjini Toronto. Aliwatumia kwanza kwenye albamu ya promosheni, "A Wild Pair" ya 1968, ambayo upande mmoja ulikuwa wao na mwingine wa The Staccatos, na iliyopatikana kwa kupeleka vizibo vya soda pamoja na fedha kidogo. Kisha Richardson akaweka nyumba yake rehani ili kuwapeleka New York kurekodi albamu nzima, "Wheatfield Soul". Hakuna kampuni kubwa ya Kanada iliyokuwa tayari kufanya hivyo wakati ule.

"These Eyes" ilitoka kwenye albamu hiyo. Ilisukumwa sana na CKLW, kituo cha Windsor, Ontario, chenye mitambo ya wati 50,000 iliyotazama moja kwa moja Detroit ng'ambo ya mto. Msimamizi wake wa muziki, Rosalie Trombley, aliupenda wimbo, na kilichopigwa CKLW kilisikika kwenye majimbo kadhaa ya Marekani. Mwaka 1969 ulifika namba 6 kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani, na kuuza zaidi ya nakala milioni. Ile kanuni ya serikali ya Kanada ya kuzilazimisha redio za AM kupiga asilimia 30 ya muziki wa nyumbani ilianza 1971, kibao chao kikubwa kuliko vyote kikiwa kimeshapita. Kwa hiyo hadithi kwamba kanuni ile ndiyo iliyowainua haina mguu.

Sauti iliwezekanaje

Ukisikiliza gitaa la "American Woman" utasikia noti inayorefuka bila kufifia, nene, karibu na sauti ya fidla. Bachman alikuwa ameitafuta kwa kuunganisha amplifaya moja ndani ya nyingine, na alikuwa akiziunguza. Sababu ni rahisi: sehemu ya kutolea nguvu ya amplifaya imetengenezwa kusukuma spika, na ukiiacha bila mzigo, au ukiielekeza kwenye ingizo lisiloweza kuibeba, transfoma au valvu zake, yaani taa za kioo za kukuza sauti, huharibika. Fundi Gar Gillies, mwenye kampuni ya Garnet hapohapo Winnipeg, akamtengenezea kifaa kilichoitwa Herzog: amplifaya ndogo ya valvu ambayo ndani yake, mahali pa spika, palikuwa na kizuia umeme cha kubeba mzigo. Sehemu ndogo ya sauti iliyokwisha kukwaruzwa ndiyo iliyopelekwa kwenye amplifaya kubwa. Valvu ndogo zilichemka mpaka mwisho wake bila kuumiza kitu kinachofuata.

Tatizo lingine lilikuwa la mkataba. Kampuni ya RCA, iliyokuwa ikitoa santuri zao, iliwataka warekodi kwenye studio zake yenyewe. Kwa albamu ya "Canned Wheat" ya 1969 hawakuridhika na sauti ya studio ya RCA New York, basi "Laughing" na "Undun" zikarekodiwa kimyakimya kwenye studio ileile ya "Wheatfield Soul" na kukabidhiwa kana kwamba ni kazi ya studio ya kampuni. "No Time" ilirekodiwa upya kwenye studio za RCA Chicago, na toleo hilo la pili ndilo lililofika namba 5 mwaka 1970.

"American Woman" ilizaliwa jukwaani Ontario. Waya wa gitaa la Bachman ulikatika, akafunga mwingine, na wakati wa kuutuni akaangukia mdundo ulioshika. Peterson na Kale wakaingia, Cummings akapanda akaimba maneno ya papo kwa papo. Wimbo ungeyeyuka usiku uleule, ila kijana mmoja kwenye umati alikuwa anarekodi kwa kaseti kwa siri, wakaichukua kaseti ili wakumbuke walichopiga. Kwa kuwa ulitoka kwa wote wanne, uliandikwa kwa majina manne: Bachman, Cummings, Kale, Peterson.

Hapa msomaji asimame kidogo. "These Eyes", "Laughing" na "No Time" ziliandikwa kwa majina mawili, ya Bachman na Cummings. "Undun" ni ya Bachman peke yake. Wimbo unapochezwa redioni au kupigwa ukumbini, malipo ya tungo hugawanywa kwa desturi nusu kwa watunzi na nusu kwa mwenye haki za uchapishaji, yaani haki za kuusimamia wimbo kibiashara. Mpiga besi na mpiga drams hawapati kitu hapo, hata kama bila wao wimbo usingesimama. Wao hula kwenye mauzo ya santuri na kwenye shoo, na shoo zikisimama wanabaki na santuri tu. Ukitaka kujua kwa nini baadaye Kale alilishikilia jina kwa nguvu, anzia kwenye hesabu hii, uache kwanza habari za tabia yake.

Mei 1970

"American Woman" ilishika namba 1 Marekani kwa wiki tatu mwezi Mei 1970, na The Guess Who ikawa bendi ya kwanza ya Kanada kufika pale kwenye Hot 100. Mwezi uleule Bachman akaondoka. Alikuwa mgonjwa wa kibofu cha nyongo na alihitaji kupumzika. Pia alikuwa Mmormoni, hanywi pombe wala hatumii dawa za kulevya, ndani ya basi la watu waliokuwa wakiishi maisha ya roki ya wakati ule. Shoo yake ya mwisho ilikuwa kwenye ukumbi wa Fillmore East, New York, tarehe 16 Mei.

Julai bendi ikaalikwa Ikulu ya Marekani kuwatumbuiza wageni wa kifalme kutoka Uingereza, na ikaombwa isipige "American Woman". Ikatii.

Kibiashara, kuondoka kwa Bachman kulizibwa haraka kuliko wengi walivyotarajia. Waliingia wapiga gitaa wawili wa Winnipeg, Kurt Winter na Greg Leskiw, na Winter alikuja na nyimbo mkononi, ikiwemo "Hand Me Down World". "Share the Land" ya Cummings ilifika namba 10. Kilichobadilika ni mizani ya ndani. Bachman alikuwa kiongozi wa mahesabu, na ndiye pekee aliyeweza kumwambia Cummings kwamba wimbo haujaiva. Baada yake bendi ikawa ya mtu mmoja mwenye kipaji na wenzake wanaobadilika. Leskiw na Kale waliondoka 1972, wakaingia Donnie McDougall na Bill Wallace. Mwaka 1974 Winter na McDougall wakaachishwa, mwaka uleule ambao "Clap for the Wolfman", wimbo ambao Winter alishiriki kuutunga, ulifika namba 6. Nafasi yao ikachukuliwa na Domenic Troiano, mpiga gitaa hodari aliyevutia muziki upande wa jazi. Mashabiki walikuwa wamenunua tiketi za kitu kingine. Oktoba 1975 Cummings akaivunja.

Wakati huo Bachman-Turner Overdrive, bendi mpya ya Bachman, ilikuwa imeshashika namba 1 Marekani na "You Ain't Seen Nothing Yet" mwishoni mwa 1974. Cummings akaanza peke yake na kufika namba 10 na "Stand Tall". Wote wawili walikuwa na sababu ya kuliona jina la zamani kama nguo iliyobana.

Kiwanja kisicho na hati

Walipoachana hawakuandikiana chochote kuhusu jina. Hakukuwa na mkataba wa ubia unaosema mtu akiondoka anaondoka na nini, wala alama ya biashara iliyosajiliwa.

Mwaka 1977 CBC ilitaka kuikutanisha bendi ya zamani. Haikuwezekana, na Kale akaomba aruhusiwe kutumia jina. Akaruhusiwa kwa mdomo. Inaelekea waliomruhusu walidhani ni kwa shoo chache. Yeye akaunda bendi, akarekodi albamu, akaendelea kuzunguka mwaka baada ya mwaka. Baadaye akagundua kwamba jina halijasajiliwa na mtu, na katikati ya miaka ya 1980 akalisajili Marekani.

Kisheria, haki ya alama ya biashara pale hutokana na kuitumia, na usajili huja kuithibitisha. Wakati ule sheria ya Marekani ilihesabu miaka 2 mfululizo ya kutotumia jina kuwa dalili ya kulitelekeza. Leo ni miaka 3. Kale alikuwa akilitumia, Cummings na Bachman hawakuwa wakilitumia. Kinachotakiwa ili kusajili jina la bendi ni fomu ya huduma za burudani, ada, sampuli ya matumizi kama bango la shoo, na tamko la kiapo kwamba unaamini hakuna mwingine mwenye haki nalo. Wenzako hawapigiwi hodi. Ombi huchapishwa kwenye gazeti rasmi, mwenye pingamizi hupewa siku 30, na mwanamuziki yuko barabarani, hasomi gazeti hilo.

Miaka 5 ikipita cheti kikitumika, mwenyewe anaweza kuwasilisha tamko, na sababu za kukipinga hubaki chache: udanganyifu wakati wa kusajili, kulitelekeza jina, au kulitumia kupotosha watu kuhusu nani hasa anatoa huduma. Mtu akikusimulia kwamba "wangemshtaki tu", muulize mwaka gani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mlango mkuu ulikuwa umefungwa.

Mwaka 1983 wanne wa zamani walikutana kwa ziara. Kuanzia 2000 hadi 2003 wakakutana tena, safari hii besi ikashikwa na Wallace, na jina likatumika kwa makubaliano na Kale. Mwaka 2003 walipiga Downsview, Toronto, kwenye tamasha kubwa la kuurudishia mji moyo baada ya ugonjwa wa SARS, mbele ya mamia ya maelfu ya watu. Baada ya hapo Bachman na Cummings wakizunguka pamoja waliandika kwenye mabango majina yao wawili, huku bendi ya Kale na Peterson ikiendelea kuitwa The Guess Who. Kale alipostaafu jukwaa mwaka 2016, Peterson ndiye aliyebaki kiungo pekee cha zamani.

Mashtaka, kisha leseni

Oktoba 2023 Bachman na Cummings walifungua kesi mahakama ya shirikisho California wakidai dola milioni 20. Shauri lao kuu halikuwa "jina ni letu". Lilikuwa la matangazo ya uongo: kwamba bendi ile ilinadi shoo zake kwa rekodi na picha za zamani, zenye sauti ya Cummings na gitaa la Bachman, na kwamba mara nyingi hata Peterson hakuwepo jukwaani. Ni hoja iliyopita kwenye upenyo mmoja kati ya ile michache iliyobaki wazi. Hata hivyo kesi ya namna hii hula miaka, na Bachman alikuwa ameshatimiza miaka 80, Cummings akiwa na 75.

Silaha iliyofanya kazi ilitoka kwenye droo nyingine. Haki za uchapishaji za nyimbo zile kubwa zilikuwa chini ya Cummings. Kwa kawaida ukumbi hauombi ruhusa ya wimbo mmoja mmoja. Hulipa leseni ya jumla kwa vyama vya kukusanya mirabaha (malipo ya watunzi), na bendi yoyote ikipiga wimbo wowote uliomo imeshalipiwa. Mwaka 2024 Cummings alisitisha makubaliano yake na vyama hivyo. Kuanzia hapo leseni ya ukumbi haikuzifunika tena nyimbo zake.

Hapa ndipo wengi huchanganya. Marekani, wimbo uliokwisha kutolewa unaweza kuurekodi upya bila kumwomba mtunzi, ukimlipa kiwango kilichowekwa na sheria. Kuupiga hadharani hakuna njia hiyo. Bila leseni ni uvunjaji wa hakimiliki, na fidia ya kisheria kwa uvunjaji wa makusudi inaweza kufika dola 150,000 kwa kila wimbo. Tena anayeweza kushtakiwa si bendi peke yake, ni ukumbi na mwandaaji pia. Mwandaaji mwenye bima na mwanasheria hahitaji kuambiwa mara mbili. Shoo zikaanza kufutwa.

Vipi kuhusu "American Woman", ambayo Kale na Peterson wameandikwa watunzi wenza? Kuandikwa chini ya wimbo hukupa mgao wa fedha. Uwezo wa kutoa leseni hufuata haki za uchapishaji, na ukishazikabidhi huna tena. Isitoshe, bendi ya The Guess Who isiyopiga "These Eyes", "No Time" wala "Share the Land" ingeuza tiketi kwa nani?

Mbinu hii ilikuwa na gharama kwa Cummings mwenyewe. Wimbo ulio nje ya vyama haukusanyiwi mirabaha ya kuchezwa hadharani, awe anaupiga adui au rafiki. Ni mtu mwenye akiba na hasira pamoja tu anayeweza kuivumilia, na mtunzi wa kawaida asiiige.

Septemba 2024 pande mbili zilimalizana nje ya mahakama, na jina likahamia kwa Bachman na Cummings. Mwaka 2025 wakatangaza kwamba mwaka unaofuata The Guess Who itazunguka Kanada, wao wawili mbele. Chad Allan, ambaye bendi ilianza kwa jina lake, alikuwa amefariki Novemba 2023, wiki chache baada ya kesi kufunguliwa. Rekodi za RCA, zile ambazo watu huzisikia hasa wakitaja The Guess Who, hazikuguswa na mapatano hayo. Ziko mikononi mwa kampuni ya Sony.